Lisbon na Mnara wa Siloamu

Anayeona kila tetemeko kuwa fimbo ya Mungu ana kazi ya kueleza Lisbon. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, ardhi ilitikisika asubuhi makanisa yakiwa yamejaa. Mishumaa ya altareni ikachangia moto, bahari nayo ikavamia mji. Wengi walifia ibadani!

Mwaka uliofuata, padre Mjesuiti Gabriel Malagrida aliandika kwamba chanzo ni dhambi za mji, si nguvu za asili.

Lakini katika Luka 13 Yesu aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kuwa walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Aliwataka walio hai watubu, naam. Wahubiri wa maafa huishia hapo, wakauruka mfano wa mtini katika aya zinazofuata: miaka 3 bila tunda, na bado mtunzaji akauombea mwaka mwingine, na samadi juu.