Panya na Waya za Magari Huko Nyali

Mtu akitoka kisiwani Mombasa akavuka daraja, huingia Nyali, nchi ambayo zamani ilikuwa shamba la mkonge na leo ni nyumba zenye nyua pana na minazi. Nyua nyingi zina gari, na nyingine zina mawili: moja la kwendea kazini, na la pili la kungojea Jumapili. Hilo la pili ndilo aghalabu hukataa kuwaka asubuhi, au likiwaka, taa zake za nyuma hazionekani. Boneti ikifunuliwa huonekana mavi ya panya juu ya betri, vipande vya nazi vilivyotafunwa, na waya zilizomenywa mfano wa mihogo.

Panya si mgeni katika mwambao huu. Yule mweusi, hodari wa kupanda, aliletwa na vyombo vya bahari kutoka Asia, na mifupa yake imefukuliwa hata Unguja Ukuu, mji uliositawi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa ajili yake meli zifungapo gatini huvishwa sahani za chuma katika kamba zao, asipate njia ya kupita. Makao ayapendayo ni ya juu: dari, mapaa ya makuti na vilele vya minazi, ambako hutoboa madafu na kuyaangusha. Basi gari lililoegeshwa chini ya mnazi au ndani ya banda la makuti, kwake ni chumba kimoja zaidi cha nyumba yake. Na chakula hakimpungukii, maana soko kubwa la Kongowea li karibu, pamoja na mapipa ya taka ya kila njia.

Vitabu vya Ulaya husema kwamba panya hufuata joto la injini. Huenda ikawa kweli huko kwenye theluji, lakini usiku wa Nyali hauna baridi ya kumkimbiza mnyama. Hapa afuatacho ni maficho. Chini ya boneti paka hafiki, mbwa hafiki, wala mvua ya masika haimnyeshei. Tena lile gamba laini lililobandikwa ndani ya boneti ili kupunguza kelele ni godoro zuri la kuzalia. Mimba ya panya huchukua kama majuma 3 tu, kwa hiyo gari lisilofunuliwa mwezi mmoja laweza kuwa na watoto ndani.

Kuhusu waya zenyewe, watu wengi hudhani panya huzila kwa njaa. Huko Marekani wako wenye magari waliowashtaki watengenezaji, wakidai kwamba ganda la waya za siku hizi hufanyizwa kwa soya na kwa hiyo huwavutia wanyama. Lakini panya walitafuna waya tangu kabla ya soya kutumiwa. Sababu iliyo wazi zaidi ni meno yake ya mbele, ambayo hayaachi kukua. Kwa mwaka mmoja yangeweza kurefuka zaidi ya sentimita 10, na asipoyasaga kwa kutafuna yatamzuia kula. Jino hilo ni gumu kuliko shaba, sembuse plastiki.

Hasara ya waya iliyokatika kabisa ni ndogo, maana gari huzima na fundi huitwa. Ya kuogopwa ni waya iliyomenywa nusu. Shaba ikiwa wazi ikagusa bodi ya gari, umeme hupita kwa nguvu nyingi na waya hupata moto. Fyuzi huwekwa ili ikatike kabla ya hapo, lakini ule waya mnene utokao katika betri kwenda kwenye stata aghalabu hauna fyuzi. Panya hutafuna pia mipira ya petroli, na petroli ikidondoka karibu na cheche, gari huteketea na huenda nyumba ikafuata. Kwa hiyo yule afungaye kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyokatika, ili afike nyumbani upesi, ameondoa mlinzi pekee aliyesalia.

Kuanzia tarehe 8 Aprili 2020 hata mapema Julai, serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Mombasa kwa sababu ya Korona, gari la safari za bara halikuwa na pa kwenda, na majira yalikuwa ya masika. Gari lililosimama namna ile lilihitaji kufunuliwa na kuwashwa walau mara moja kwa juma, maana panya hukaa pale asiposumbuliwa. Hayo ni kweli hata leo kwa mtu aendaye likizo.

Upande wa pili wa maji, huko Changamwe na Miritini, wako wenye matrela, na shida yao ni kubwa zaidi ingawa huzungumzwa kidogo. Trela halina injini wala dereva wa kulala ndani yake. Husimama kwa miguu yake uwanjani kwa majuma, majani yakiota chini na punje za mahindi zikiwa zimemwagika kati ya mbao. Waya za taa hupita chini ya chesisi, mahali ambapo mtu hatazami mpaka askari wa barabarani amsimamishe. Lakini si kila mara askari ndiye huanza kuona. Trela lisilo na taa za nyuma katika njia ya Nairobi usiku huonekana na dereva wa nyuma wakati ambapo breki hazimfai tena, na waya ya senti chache imekuwa msiba wa nyumba mbili.

Dawa ya kwanza ni usafi, na watu huipuuza kwa kuwa haiuzwi dukani. Majani yafyekwe, makumbi na madafu yaliyoanguka yaondolewe, na gunia la mahindi au la chakula cha kuku lisilale ndani ya buti. Mnazi ulio karibu na banda uvishwe mshipi wa bati laini, upana wa kama sentimita 30, juu kuliko panya awezavyo kuruka. Naye asiwe na mti mwingine wa kuvukia. Ni hila ile ile ya sahani za meli. Mtego wa kubana utegwe kando ya ukuta, kwa kuwa panya hupenda kupita ukutani, na chambo kiwe nazi iliyochomwa au dagaa.

Sumu ina taabu zake. Panya aliyekula sumu huenda kufia ndani ya gari, na harufu yake haisahauliki. Paka akimla naye huweza kufa, na bundi pia. Bundi huyo watu wa pwani humfukuza kwa mawe wakimwita ndege wa kisirani, ingawa hakuna mtumishi amshindaye kwa kukamata panya, wala hadai mshahara. Ama vyombo vile vya kupiga sauti isiyosikika na watu, panya huvizoea baada ya siku chache, na fedha iliyovinunua hairudi.

Waya zenyewe zaweza kuvishwa. Kampuni ya Honda hutoa utepe uliotiwa ukali wa pilipili, wa kuzungushia waya. Kwa trela, bora waya zipitishwe ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwenye chesisi, na ncha za bomba zizibwe. Mahali pa kuziba kwa wavu, matundu yasizidi milimita 6, na wavu uwe wa chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya bahari hula wavu wa kawaida upesi. Chumvi hiyo hiyo huingia pale waya ilipomenywa na kuifanya shaba kuwa kijani ndani ya ganda. Kwa hiyo fundi anayesokota ncha mbili na kuzifunga tepu hajatengeneza kitu. Akate mpaka aone shaba inayong'aa, aunge kwa risasi, na avishe mpira wa kubana kwa moto.

Kabla ya kazi yote hiyo, ncha hasi ya betri ifunguliwe. Mikono ivishwe glavu, na mavi ya panya yaloweshwe kwa maji yenye dawa badala ya kufagiwa yakiwa makavu, kwa kuwa mkojo wa panya huleta homa ya leptospirosi, inayoweza kuua figo. Plagi ya trela isiachwe ikining'inia karibu na ardhi. Na kabla ya kuondoka uwanjani, dereva akanyage breki huku utingo amesimama nyuma akitazama taa, moja baada ya moja.