Lenzi za zamani za sinema: Ukarabati si ruhusa ya kuficha aibu

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa biashara zilizoingia katika nyumba za Waislamu miaka hii ni kununua na kuuza lenzi za zamani za sinema, zilizofunguliwa, zikasafishwa na kukarabatiwa. Wazazi wengi hawaijui. Wanachokijua ni kwamba kijana wao, mpiga picha za video za harusi, ameomba aongezewe fedha, na kwamba kilichofika ni kioo chenye umri mkubwa kuliko wa baba yake. Tumeona ni wajibu kuizungumzia, kwa kuwa ndani yake mna fedha nyingi, na mna mlango mpana wa dhulma.

Tuanze kwa kuielewa biashara yenyewe. Kamera za kidijiti zilipoenea katika sinema, hasa baada ya Red One ya mwaka 2007 na Arri Alexa ya mwaka 2010, wapiga picha wengi waliona picha zimekuwa kali kupita kiasi. Wakazirudia lenzi za kale ambazo hulainisha sura: Cooke Speed Panchro zilizotengenezwa Leicester, Uingereza, tangu miaka ya 1920, Canon K35 za Japani na Zeiss Super Speed za Ujerumani, zote za miaka ya 1970. Bei zikapanda. Zikastawi karakana, kama True Lens Services ya huko huko Uingereza, ambazo huitoa lenzi kuukuu katika gamba lake la asili na kuitia katika gamba jipya linalofaa kamera za leo. Kijana wa kipato cha kawaida hazifikii hizo. Yeye hununua Helios-44, lenzi ya milimita 58 iliyotengenezwa kwa wingi katika Umoja wa Kisovieti kwa ajili ya kamera za picha za mnato, ambayo mafundi huivalisha pete zenye meno na kuiuza kwa jina la lenzi ya sinema.

Je, biashara hii ni halali? Asili ya biashara ni uhalali, na lenzi ni chombo. Hukumu yake hufuata matumizi yake. Lenzi ile ile hurekodi darsa la msikitini, na hurekodi uchafu. Anayejua kwa yakini kwamba mnunuzi ataitumia katika haramu asimuuzie. Ama fundi anayefungua, kusafisha na kurekebisha, hiyo ni kazi ya mikono yenye heshima, na faida yake ni halali. Ubaya hauko katika ukuukuu wa bidhaa. Ubaya uko katika kile ambacho muuzaji anakijua na mnunuzi hakioni.

Na lenzi ni bomba lililofungwa. Katika hewa ya unyevunyevu kama ya pwani yetu, lenzi iliyoachwa ndani ya mkoba wa ngozi huota kuvu, nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui. Fundi anaweza kuufuta kuvu, lakini pale ulipokwisha kula kioo au utando uliopakwa juu yake, alama haifutiki. Gundi inayoshika vioo viwili pamoja huachia. Grisi hukauka, na mafuta hutambaa mpaka kwenye mabati membamba yanayofungua na kufunga njia ya mwanga. Baadhi ya lenzi za katikati ya karne ya 20 zilitiwa thoriamu katika kioo. Hutoa mionzi kidogo, na kioo hugeuka rangi ya manjano kadiri miaka inavyopita. Mengi ya hayo hayaonekani katika picha iliyopigwa kwa upande, bila tochi. Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karne ya 10 na kuandika Kitab al-Manadhir, alitenga sehemu nzima ya kitabu hicho kueleza makosa ya kuona. Jicho hukosea lenyewe. Itakuwaje linapokusudiwa kudanganywa?

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono wake katika rundo la chakula, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Tuzingatie: mtu yule hakusema uongo wowote. Aliacha tu kilicho kikavu kifunike kilicho chevu. Basi na anayepaka rangi gamba la lenzi, akaandika “imekarabatiwa”, naye anajua kuwa kioo cha ndani kina alama za kuvu, amelifunika rundo lake.

Hapa huja swali la haki. Katika biashara hii, baadhi ya watu hulipa ziada kwa ajili ya kile ambacho wengine wangekiita kasoro: mwanga unaotawanyika, pembe zisizo kali. Aibu basi ni ipi? Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wameeleza kwamba aibu ni upungufu unaopunguza thamani ya kitu au kuharibu lengo sahihi la kukinunua, ilhali kwa kawaida kitu cha aina hiyo hakiwi nao. Kwa kipimo hicho, ulaini uliotokana na usanifu wa lenzi si aibu, wala punje chache za vumbi katika lenzi ya miaka 50. Lakini kuvu, gundi iliyoachia, na kioo kilichobadilishwa kwa kingine, hizo ni aibu, na kuzitaja ni wajibu. Wala wajibu huo si wa muuzaji peke yake. Fundi aliyeifungua lenzi na dalali anayeijua hali yake nao wanalazimika kumweleza mnunuzi.

Wengine hujikinga kwa maneno “nauza kama ilivyo”. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba sharti hilo halimwokoi muuzaji wa bidhaa kama hii, sembuse akiwa anaijua aibu na kuinyamazia. Na katika minada ya intaneti, kumweka rafiki apandishe bei asiyokusudia kununua ndiyo najshi aliyoikataza Mtume (S.A.W.).

Mnunuzi naye ana wajibu. Sheria imempa khiyari ya kurudisha kwa aibu, lakini airudishe mara aijuapo. Anayeiona aibu Ijumaa, akapigia picha harusi ya Jumamosi, kisha Jumatatu akadai fedha zake, ameridhika kwa vitendo na haki yake imeanguka. Aidha, wanavyuoni wamehitilafiana juu ya kununua kisichoonekana. Wapo waliokataza, wapo walioruhusu kwa masharti ya kukisifu kikamilifu, na wapo waliompa mnunuzi khiyari pindi akionapo. Aliye mbali na bidhaa basi asilipe mpaka apate sifa zote kwa maandishi.

Tunawanasihi wazazi wasiwaachie vijana jambo hili peke yao. Kabla ya kuuza dhahabu ya mama au kukopa, aulizwe muuzaji: Kilifunguliwa nini? Kilibadilishwa nini? Kilichobaki na kasoro ni kipi? Imulikwe tochi kutoka nyuma ya kioo, izungushwe pete mwanzo hadi mwisho, na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Na kijana anayeuza afundishwe kuyajibu maswali hayo kabla hajaulizwa. Huenda bei ikashuka. Lakini Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Na video ya harusi iliyoharibiwa na kioo kibovu hairudiwi. Aliyeficha aibu ile atakuwa amemdhulumu mpiga picha, bibi harusi na wazazi wa pande mbili asiowajua hata kwa majina.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake na atuepushe na haramu yake, na azijaalie bidhaa zetu ziwe safi ndani kama zinavyoonekana nje. Amin.