Sayansi ya Siasa ni Elimu ya Kubeba Amana



Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi wengi wa Rwamishenye hufika msikitini kutaka ushauri juu ya masomo ya chuo kikuu ya watoto wao. Udaktari hauna ubishi, wala uhasibu, wala ualimu. Ubishi huzuka pale kijana anapotamka kwamba anataka kusoma sayansi ya siasa na utawala wa umma. Baba huuliza kama siasa nayo ni jambo la kusomea. Mama huhofia kwamba mwanawe atajifunza uongo wa majukwaani na kurudi nyumbani hana dini. Hofu hizo hatuzidharau, kwa maana zinatoka katika mapenzi. Lakini tunaona ni wajibu wetu kuzipima.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kugombea kura ni jambo moja, na kusoma namna dola inavyoendeshwa ni jambo jingine. Mwanafunzi wa fani hii husoma Katiba na mgawanyo wa madaraka, historia ya fikra za utawala, uhusiano wa mataifa, upangaji wa sera, bajeti ya umma na kazi za serikali za mitaa. Hujifunza kwa nini sera moja hufaulu na nyingine hushindwa, na jinsi ya kumdai mwenye madaraka hesabu ya alichokabidhiwa. Wengi wa wanaohitimu hawapandi jukwaani maisha yao yote. Mategemeo yao ni ofisi za tarafa, halmashauri, wizara, balozi na mashirika.

Wala elimu hii si ngeni katika Uislamu. Al-Mawardi aliandika juu ya hukumu za utawala takriban miaka elfu moja iliyopita. Ibn Khaldun, aliyeitunga Muqaddimah yake mwaka 1377, alichunguza jinsi dola zinavyoinuka na kuanguka, naye mwenyewe alikuwa mtumishi wa watawala na baadaye kadhi huko Cairo. Hao hawakuiona siasa kuwa uchafu wa kukimbiwa. Waliiona kuwa jambo linalogusa haki za watu, na kwa hiyo halifai kuachiwa wajinga.

Wapo wanaotujibu kwamba Mtume (SAW) alikataza kuomba uongozi. Ni kweli kwamba alimwonya Abu Dharr, akimweleza kuwa yeye ni dhaifu na kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama huwa majuto kwa asiyeutekeleza ipasavyo. Lakini Qur'ani inatusimulia pia habari za Nabii Yusuf (AS) katika aya ya 55 ya sura yenye jina lake. Yeye aliomba asimamie hazina za nchi, na hoja alizotoa hazikuwa ukoo wala umaarufu. Alitaja kwamba ni mtunzaji na ni mjuzi. Kisha akasimamia akiba ya nafaka kwa miaka saba ya neema, ili watu wasiangamie katika miaka saba ya ukame.

Habari hizi mbili hazipingani. Abu Dharr alikuwa mchaji Mungu mkubwa, na bado aliambiwa kwamba mzigo ule haumwelei. Kwa hiyo uchaji peke yake hautoshi kuendesha mambo ya umma, na ujuzi bila uaminifu ni hatari zaidi. Anayetamani cheo kwa ajili ya nafsi yake ameonywa, na mwenye sifa zote mbili anapoona watu watadhurika ana njia ya Yusuf mbele yake.

Mkoa wetu haukukosa mifano. Ali Migeyo wa Kamachumu, katika Muleba ya leo, alikuwa Mwislamu aliyesimama dhidi ya ukoloni, akafungwa kwa ajili ya msimamo wake. Hakuwa na shahada yoyote. Kitabu cha maisha yake kilichapishwa Nairobi mwaka 1969, na aliyekiandika ni Gelase Mutahaba, ambaye baadaye alikuwa profesa wa utawala wa umma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ujasiri wa mzee wetu ulihifadhiwa kwa kalamu ya msomi. Katika zama zetu, Dkt. Bashiru Ally, mwana wa Kagera, alifundisha sayansi ya siasa katika chuo hicho hicho, na Februari 2021 aliteuliwa kuwa Katibu Mkuu Kiongozi, kiti cha juu kabisa katika utumishi wa umma. Alikikalia kwa muda wa kama mwezi mmoja tu. Hatumtaji kwa ajili ya chama chochote. Tunataka kijana aone kwamba njia ipo, na mzazi aone kwamba cheo hakidumu, kinachodumu ni elimu ya mtu na jina lake.

Sasa tuseme ukweli kuhusu riziki. Shahada hii haimhakikishii mtu ajira. Nafasi nyingi serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambako waombaji ni wengi kuliko viti, na usaili wake hauangalii huruma. Kijana ajue kuandika ripoti, kusoma takwimu, kutumia kompyuta na kuzungumza Kiingereza bila kukidharau Kiswahili chake. Azisome sheria za serikali za mitaa hata kama hazimo katika mtihani. Akiwa likizoni aombe kujitolea katika ofisi ya kata, ajionee jinsi barua ya mkazi inavyoshughulikiwa na mgogoro wa mpaka wa kibanja unavyosikilizwa. Asiyependa kuwasikiliza watu wenye shida asiingie katika fani hii, hata kama alama zake zinamruhusu.

Kuhusu ada, tumewaona wazazi wakifikiria kuuza kibanja cha urithi. Tunawasihi wasifanye haraka. Ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Familia nyingi za Kiislamu ziliikwepa kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 kila mwaka, ambayo waliiona kuwa ni riba. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo. Aliyejizuia kwa sababu ile na asome masharti ya sasa, ayapeleke kwa masheikh wake, kisha aamue. Akumbuke pia kwamba mkopo ni deni, na mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka alimalize.

Neno letu la mwisho ni kwa wazazi. Mara nyingi tunalalamika, baada ya swala na katika vikao vyetu, kwamba Waislamu hatuonekani vya kutosha katika ofisi za umma. Lalamiko hilo halina nguvu ikiwa sisi wenyewe tunamzuia binti yetu aliyefaulu Historia na Kiswahili asisome namna nchi inavyoongozwa. Tena hatuwaombi vijana waende huko wawapendelee Waislamu, kwani hiyo nayo ni dhuluma. Aya ya 58 ya Suratun Nisaa inatuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe na kuhukumu baina ya watu kwa uadilifu, na neno watu limemkusanya kila mtu. Mjane Mkristo wa jirani akifika ofisini kudai haki yake na akaipata kutoka kwa mtoto wetu bila kutoa rushwa, hapo malezi yetu yatakuwa yamezaa matunda.

Basi mkae na watoto wenu kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Waulizeni wanataka kumtumikia nani, na kwa ujuzi gani. Mwenyezi Mungu awajaalie wawe watunzaji na wajuzi. Amin.