Mwili Mmoja, Roho Mbili: Je, Watenganishwe?



Mama anapojifungua, mara nyingi swali lake la kwanza ni hili: "Mtoto ni mzima?" Mwezi huu tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya mama ambaye jibu lake linachelewa. Wauguzi wananyamaza, daktari anaitwa, kisha mama anaonyeshwa watoto wawili walioungana miili. Kabla machozi hayajakauka, anakutana na swali jingine: watenganishwe, au waachwe?

Kwanza tuyaondoe maneno ya majirani. Wapo watakaosema ni laana, au mama alikosea mahali fulani. Wanafunzi wa Yesu nao walitaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, na Bwana akakataa kumtwisha mzigo huo yeye au wazazi wake (Yohana 9). Madaktari wengi hueleza kwamba pacha hawa hutokana na yai moja ambalo halikugawanyika kabisa siku za mwanzo za mimba. Hakuna alichokula mama, wala alichotenda, kilichosababisha hayo.

Sasa turudi kwenye kisu cha daktari. Wakati mwingine jibu si gumu sana. Mwaka 2016, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, madaktari waliwatenganisha wasichana wawili waliozaliwa mwaka 2014 wakiwa wameungana sehemu ya chini ya mgongo. Kazi hiyo ilichukua saa 23, na wote wawili wakapona. Pale ambapo kila mtoto ana moyo wake na viungo vyake vya kutosha, na wataalamu wanaona wote wawili wana tumaini jema, tunaamini ni halali kabisa kuwatenganisha, na tunamshukuru Mungu kwa mikono aliyowapa madaktari.

Lakini tusidhani kwamba kuungana peke yake ni ugonjwa ambao lazima uondolewe. Maria na Consolata Mwakikuti walizaliwa Makete, Tanzania, mwaka 1996, wakalelewa na masista. Walisoma, wakamaliza kidato cha sita mwaka 2017, wakaingia chuo kikuu Iringa kusomea ualimu. Walipoulizwa kama wangependa kutenganishwa, walikataa waziwazi. Walifariki siku moja, tarehe 2 Juni, 2018, wakiwa na miaka 21. Nani atasema maisha yao yalikuwa pungufu?

Na kuna waliochagua kinyume. Ladan na Laleh Bijani wa Irani walikuwa wameungana vichwa. Walikuwa watu wazima wa miaka 29, waliosomea sheria, na kila mmoja alitamani njia yake. Walijua hatari, wakakubali. Wote wawili walifariki baada ya upasuaji huko Singapore, Julai 2003. Tunawaombolea, lakini hatuwezi kusema walionewa, kwa sababu walijiamulia wenyewe. Mtoto mchanga hana nafasi hiyo, wengine humwamulia.

Hapo ndipo penye uchungu mkubwa. Mwaka 2000, mama mmoja kutoka kisiwa cha Gozo, Malta, alijifungua pacha walioungana katika hospitali moja ya Manchester, Uingereza. Mahakama iliwaita Jodie na Mary ili kuficha majina yao. Moyo na mapafu ya Mary havikufanya kazi. Aliishi kwa damu iliyosukumwa na moyo wa Jodie. Madaktari walisema wakiachwa, wote wawili wangekufa baada ya miezi michache. Wakitenganishwa, Jodie angeweza kuishi, lakini Mary angekufa pale pale. Wazazi, ambao ni Wakatoliki, walikataa. Hawakuweza kukubali mtoto mmoja auawe ili mwingine apone. Shauri likafika Mahakama ya Rufaa, na majaji watatu wakaruhusu upasuaji. Ulifanyika Novemba mwaka huo kwa saa 20. Mary akafa. Jodie akapona, akarudi kwao Gozo.

Mama mwenzetu, wewe ungefanyaje? Katika hadithi ya Mfalme Sulemani (1 Wafalme 3), mama wa kweli alijulikana kwa kukataa mtoto wake akatwe vipande viwili. Lakini yule alijua kwamba upanga ukirudishwa, mtoto ataishi. Mama wa Gozo hakuwa na faraja hiyo. Akikubali, anampoteza mmoja; akikataa, anawapoteza wote.

Tunakiri kwamba sisi tungeshindwa kutia sahihi. Hata hivyo, hatuwezi kumtazama Jodie akiwa hai na kusema afadhali angezikwa pamoja na ndugu yake. Kwa hiyo hatutawaita madaktari wale wauaji, wala wazazi wale wakaidi. Jambo moja tunalishika bila kutikisika: Mary hakuwa uvimbe kwenye mwili wa dada yake. Alikuwa mtoto kamili mbele za Mungu, na hata majaji wale walikubali kwamba alikuwa mtu. Mtoto wa namna hiyo apewe jina, aombewe, azikwe kwa heshima, na aliliwe kama mtoto mwingine yeyote.

Basi, jambo hili likimfikia dada au jirani yako, usikimbilie kutoa hukumu. Mtie moyo yeye na mumewe wawaulize madaktari bila haya: Je, kila mtoto ana moyo wake? Wakiachwa, itakuwaje? Wakitenganishwa, ni nani atakayeumia? Wapelekee uji, wafulie nguo, kaa nao. Na ukiwashika watoto wale, waite kwa majina yao mawili.

Mungu azibariki familia zenu.