Mlango wa karatasi, boriti ya mkoko
Barazani, na Salma Haji

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Fedha zilikuwepo: jumba lilikuwa kwenye matengenezo kwa msaada wa Oman. Ila zilikuja wakati maradhi yameshakomaa. Hapo Forodhani methali ya ufa na ukuta ilitimia neno kwa neno.

Ndiyo maana naunga mkono fikra ya kuuza nakala za michoro ya wasanii wetu kwa ajili ya nyumba za Mji Mkongwe, tena nataka mapato yake yaende kwenye kazi ndogondogo. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko, na adui wao mkubwa ni maji. Bati likitoboka, mvua za masika hulowanisha kichwa cha boriti pale kinapoingia ukutani. Kikioza, dari hulegea, na ukuta hukosa wa kuushika. Saruji tunayoikimbilia hufungia unyevu ndani, wakati chokaa huuacha utoke. Bati, chokaa na ujira wa fundi si vitu vya kumsubiria mfadhili.

Wapo watakaosema hilo ni tone baharini. Kwa kuinua jumba la kifalme, ni kweli. Lakini paa la nyumba ya kawaida linataka fedha ndogo zisizokatika, na chapa ina tabia hiyohiyo: mlango wenye misumari ya shaba ukishachongwa kwenye lino, hupakwa wino na kugandamizwa karatasini hata mara mia, kila nakala na namba yake. Soko lipo, Mtaa wa Gizenga umejaa picha za kuuzia wageni.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la msanii kugeuzwa mtoa sadaka. Alipwe kwanza, na haki ya mchoro ibaki yake, ndipo litengwe fungu la nyumba. Wala Serikali isipumzike kwa sababu hiyo: mji huu ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na dhamana ile haikukabidhiwa wachoraji. Halafu nyuma ya kila nakala iandikwe ni nyumba ipi na kazi gani, ili mnunuzi akipita tena aingie, ainue macho darini, aione boriti aliyoilipia.