Makombo ya Bwaloni Nayo Yapimwe

Ingieni stoo ya shule ya bweni, mtakuta daftari. Limeandikwa kila gunia la mahindi lililoingia na kila debe la maharage lililokwenda jikoni, pamoja na sahihi ya aliyelipokea. Kisha zungukeni nyuma ya jiko, kwenye mapipa ya makombo. Huko hakuna daftari. Ajuaye kilichotupwa ni mfuga nguruwe tu, anayekuja kukizoa jioni.

Chunguzeni pipa lenyewe. Ugali humo ni haba, maana kijana mwenye njaa haachi ugali. Kilichojaa ni maharage, mengine hayakuiva, mengine yamebunguliwa, yote yamebaki sahanini baada ya mchuzi kwisha. Hapo ndipo hasara ilipo, na kilo peke yake hazitaionyesha. Kilo moja ya maharage yaliyopikwa, bila mchuzi, ina protini gramu 80 hivi na madini ya chuma kama miligramu 20. Shule ikitupa kilo 10, imetupa protini ya kuwatosha wanafunzi wasiopungua 15 kwa siku nzima. Na daftari la stoo litaendelea kushuhudia kwamba wamekula!

Wasichana ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa damu huwatoka kila mwezi na chuma hicho wanakihitaji. Utafiti wa taifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta upungufu wa damu kwa wanawake 45 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49. Tutawezaje kuwahimiza mabinti wasome kwa bidii huku chuma chao kikinenepesha nguruwe?

Mboga nazo zina lao. Vitamini C na foleti huyeyuka katika maji, hivyo mchicha uliochemshwa kisha maji yake yakamwagwa umepungukiwa kabla haujafika mezani.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa shule: wekeni ndoo tatu mlangoni mwa bwalo, ya ugali, ya maharage na ya mboga. Kiranja wa chakula apime kila ndoo, mwalimu wa zamu aandike katika daftari la makombo. Mizani ya stoo inatosha. Wapo watakaosema ni kuongezeana kazi. Lakini tunaandika gunia linaloingia kwa sababu lina thamani, na thamani hiyo haipotei kwa kupikwa. Baada ya wiki chache daftari hilo litasema kama maharage yanaachwa kila yanapotoka kwenye gunia lililokaa muda mrefu katika joto la stoo, maana hayo hugoma kuiva, au kila yanapopikwa bila kulowekwa usiku.

Lakini daftari hilo lisigeuzwe fimbo ya kumchapia mtoto aliyeacha chakula kibichi. Nanyi wazazi mnaochanga maharage hayo, kwenye kikao kijacho ombeni mletewe madaftari yote mawili.