Breki ikilia, usiongeze sauti ya redio

Wadau, kuna tabia hapa Mtama inaniudhi. Gari linalia "kwiii" kila likifika kwenye tuta, dereva anasema ni vumbi tu, litaisha. Huyo anaelekea Masasi na abiria!

Mara nyingi si vumbi. Pedi nyingi za breki zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi: pedi ikilika sana, kibati kinagusa diski na kulia. Ukipuuza, mlio unageuka mkwaruzo, chuma kwa chuma, na hapo utanunua na diski. Tena si pedi zote zenye kibati hicho, kwa hiyo kimya nacho si cheti.

Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Zikibaki 3, badilisha. Fundi afungue tairi, uone kwa macho yako. Na mafuta ya breki yakipungua usikimbilie kuongeza (hapa ndipo wengi tunadanganywa): huenda hayavuji, ila pedi zimekwisha na pistoni zimesogea mbele. Stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haipimi milimita. Abiria, mkisikia mkwaruzo ulizeni, hata kama nauli mmeshalipa.